Taa za Gari la Mpima Ardhi

Katika safu ya gereji zilizo nyuma ya soko la mbao, fundi umeme wa magari alijulikana kwa jina moja tu: Testa. Jina hilo alipewa na fundi bodi wa jirani yake, bwana mmoja mwenye mikono mipana na mdomo mpana zaidi aliyeitwa Nyundo. Mfuko wa shati la Testa haukukosa testa, kile kijitaa cha kupimia umeme, chenye sindano upande mmoja na kibano upande wa pili. "Huyu hajaoa mpaka leo," Nyundo aliwaambia wateja, "kwa sababu kila mchumba anataka ampime kwanza aone kama umeme unafika."

Testa alicheka pamoja nao. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyojaa makovu madogo ya moto. Alikaa na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu, mwendo wa robo saa kutoka gereji. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Kasoro yake ilikuwa moja: hakupenda kusikiliza maelezo ya mwenye gari. Mtu akianza, "Jana nilipokuwa natoka kazini, nikasikia kama..." Testa alikuwa tayari ameshafungua boneti. "Funguo," angesema, akinyoosha mkono bila kugeuka. Kwake yeye, mwenye gari alikuwa mpiga chuku. Ukweli ulikuwa ndani ya waya.

Alikuwa na kaka yake, tumbo moja, aliyemzidi miaka minne. Kaka alikuwa mpima ardhi. Wiki nzima alishinda porini na kwenye viwanja vipya, akibeba chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu na sanduku la vigingi, na mwisho wa wiki alirudi kwa mkewe, mwalimu wa chekechea. Hawakujaliwa mtoto. Zamani kaka alikuwa mlevi wa kupindukia, wa kuokotwa mtaroni na kuletwa nyumbani amebebwa juu juu. Kisha siku moja aliacha, bila kiapo wala kishindo, na ikapita miaka sita hajaigusa. Ndiye aliyempeleka Testa kujifunza ufundi walipokuwa vijana, na hakumsimanga kwa hilo hata mara moja.

Gari la kaka lilikuwa kuukuu, la rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi. Lilipoanza kusumbua, alilileta kwa mdogo wake.

"Taa za mbele zinazimika zenyewe," alisema. "Sekunde moja, mbili, halafu zinarudi. Zote kwa pamoja."

"Funguo."

Siku hiyo Testa aliifanya kazi kwa moyo. Alipima betri na fyuzi, akabadilisha rilei ya taa, kile kidude kinachozipitishia umeme, akaziwasha na kuzizima mara ishirini. Hazikumwonyesha lolote. Wiki tatu baadaye kaka akarudi na malalamiko yale yale. Testa akaifungua swichi ya usukani, akaisafisha, akakwangua kutu kwenye vichwa vya betri, akaziacha taa zinawaka tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Ziliwaka kama nyota. Akamrudishia funguo.

Mara ya tatu kaka alikuja siku mbaya. Basi la abiria lilikuwa limekataa kuwaka mbele ya gereji, dereva anafoka, abiria wanalalamika, na Testa yuko chini ya injini, jasho linamtiririka machoni. Kaka alisimama kando, kofia mkononi, akangoja. Alingoja karibu saa nzima. Mwishowe Testa alitoka, akafuta mikono kwenye suruali, akaliendea lile gari. Hakuingia ndani. Alisimama nje, akapenyeza mkono dirishani, akawasha taa na kuzima, akawasha na kuzima, mara tatu.

"Kaka, gari zima hili. Nenda kapime macho."

Nyundo alicheka mpaka akashika mbavu. Hata dereva wa basi alicheka. Kaka naye akacheka, akavaa kofia yake.

"Haya, bwana mkubwa," alimwambia mdogo wake, akaondoka.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, kaka alikuwa akirudi kutoka kupima viwanja. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Kwenye mteremko mrefu, barabara inapokata kona ghafla juu ya daraja dogo, gari halikukata kona. Lilinyoosha moja kwa moja, likajigonga kwenye ukuta wa daraja. Waliofika mwanzo walimkuta ameshakata roho, kifua juu ya usukani. Hakukuwa na alama ya breki barabarani. Na gari zima, walisema, lilikuwa linanuka pombe.

Habari za namna hiyo hazingoji kutumwa. Kabla ya mazishi, kila mtu alikwisha jua kwamba mpima ardhi amerudia chupa. Wenzake wa ofisini walikuja makaburini, wakasimama nyuma, wakaondoka bila mmoja wao kusema neno juu ya marehemu. Majirani nao wakakumbuka kwamba asubuhi ile mume na mke walisikika wakizozana. Ni kweli walizozana: mke alimtaka apumzike ile siku yake moja ya nyumbani, mume akasema kazi haingoji. Lakini mama alipoisikia habari hiyo, aliishika kwa mikono miwili. Mbele ya kaburi lililo wazi alimgeukia mkwewe.

"Wewe ndiye uliyemrudisha kwenye chupa," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Mwanangu umeniulia wewe."

Tangu siku hiyo mama hakulitamka jina lake, alimwita "mwanamke yule."

Na Testa? Testa aliamini kama walivyoamini wengine. Iliuma, lakini ilikuwa na mahali pa kukaa. Kaka alikunywa, kaka akafa. Wazo jingine lilipotaka kumjia, alichukua bisibisi akatafuta kazi ya kufanya.

Mwezi wa pili ulikuwa unakatika polisi walipoliachilia gari. Lilivutwa mpaka uwanjani kwa Nyundo likangoje wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku ya pili yake, mchana, mjane alikuja gereji. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mashavu imetokeza.

"Shemeji," alisema, "kabla hawajalikatakata, nakuomba ulitazame."

"Nitazame nini, shemeji? Gari limekwisha."

"Taa. Alikuwa akiniambia mpaka wiki ya mwisho. Zinazimika."

"Shemeji, walisema gari lilinuka..."

"Spiriti," alimkatiza. "Ile ya kufutia vioo vya chombo chake. Alikuwa na chupa nzima, siku zote, ndani ya sanduku. Ilivunjika. Nilimwambia askari, akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto. Nilimwambia mama, hakutaka kunisikia. Wewe hukuniuliza."

Testa aliangalia chini. Ile chupa ya spiriti aliijua. Mara ngapi aliiazima mwenyewe kusafishia viungio vya waya. Hakuwa ameikumbuka. Au hakuwa ametaka kuikumbuka.

"Na ulipomwambia akapime macho," mjane aliendelea, taratibu, kama anayemwelekeza mtoto darasani, "alikwenda. Ulidhani alicheka yakaisha? Alikwenda hospitali, akapanga foleni. Daktari akamwambia ana macho ya kijana. Akarudi nyumbani akaniambia, basi labda ni uchovu, labda ni mimi. Nikamwambia mrudishie mdogo wako. Akasema anaona haya, ataonekana msumbufu."

Alipoondoka, Testa alibaki amesimama, na mteja aliyemletea honi mbovu alilazimika kumwita mara tatu.

Kazi ilianza kesho yake. Upande wa abiria gari lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Upande wa dereva ulikuwa umesalia, ila usukani ulipinda. Taa zenyewe zilikuwa zimesagika. Testa alitafuta balbu mbili za taa za mbele, akazipigilia kwenye ubao, akauweka ule ubao mbele ya pua ya gari, akaunga waya zile zile za zamani. Betri akaleta yake. Akawasha. Balbu zikawaka, bila wasiwasi, kama zilivyowaka zile mara zote tatu.

Alilifuata fungu la waya kutoka betri hadi ndani, shubiri kwa shubiri, akitoboa kwa sindano ya testa yake. Kila alipotoboa, kijitaa kiliwaka. Alizipasha waya moto, akazimwagia maji, akazitikisa, akagongagonga dashibodi kwa mpini wa bisibisi. Alifika alfajiri kabla ya wateja, akakaa na gari lile wenzake walipokwenda kula. Balbu ziliendelea kuwaka. Hakuna kazi inayomtesa fundi umeme kama tatizo linalojificha: gari likiwa bovu kabisa utalishika, lakini hili linakuwa zima kila unapolitazama.

"Ndugu yangu," Nyundo alimwambia wiki ya tatu, "ukizidi kulikodolea macho hivyo, litakuletea posa." Kisha, alipoona Testa hacheki, akaja akachuchumaa karibu yake. Jitu lile lenye kelele likapunguza sauti. "Na kama hakuna kitu? Kama kweli alikunywa?"

"Basi nitajua alikunywa."

"Na kama kipo?"

Testa akainamia tena waya.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki ya nne mjane alipokuja tena. Testa alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao wa balbu, hana tena pa kupima. Alimwambia ukweli: hajaona kitu. Mjane akatikisa kichwa polepole. Alilizunguka gari, akaugusa mlango wa dereva kwa ncha za vidole. Tangu ajali hajawahi kulikaribia hivyo.

"Naweza kukaa?"

"Kaa, shemeji. Angalia vioo."

Alipangusa kiti kwa kiganja, akaketi. Alijifunza udereva ndani ya gari lile, akifundishwa na mumewe kwenye uwanja wa shule siku za mapumziko, na somo la kwanza lilikuwa: ukikaa tu, kanyaga klachi, utikise gia, ndipo uguse kitu kingine. Mwili wake ulikumbuka bila kuulizwa. Machozi yanamtoka, mikono juu ya usukani uliopinda, mguu wa kushoto ukashuka mpaka chini.

Balbu zote mbili zikazimika.

Testa hakuamini. Akapepesa macho. Balbu zikarudi.

"Umefanya nini?" Testa akauliza.

"Sijafanya kitu," mjane akasema, akishtuka. "Nimekaa tu."

"Mguu. Umefanya nini na mguu?"

"Nimekanyaga klachi."

"Kanyaga tena."

Akakanyaga. Balbu zikazimika. Akaachia. Zikawaka. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga, na kila mara ikawa vile vile, mpaka Testa akainua mkono kama anayezuia gari njiani. "Basi. Basi, shemeji. Inatosha."

Aliingia kwa mgongo chini ya dashibodi, kichwa karibu na pedali, tochi mdomoni. Ilimchukua dakika chache tu. Fungu la waya, ambalo lilitakiwa kubanwa juu kwa klipu, lilikuwa limening'inia na kulalia mkono wa klachi. Klipu haikuwepo. Kila klachi ilipokanyagwa hadi mwisho, mkono ule ulilivuta fungu, na waya mmoja mwembamba, ule unaoiamuru rilei ya taa, ulivutika kuliko wenzake. Kwa nje ulikuwa mzima. Alipouchana ngozi kwa wembe, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, zimeota kijani, ncha zinagusana tu kwa kuegemeana. Klachi ikiachiwa, zinagusana. Sindano ikitoboa, kijitaa kinawaka. Na kwa miezi yote hiyo yeye alikuwa akipima taa akiwa amesimama nje, miguu yake iko chini, haiko kwenye klachi.

Alitoka, akaketi juu ya udongo, akamweleza mjane yote, bila kuficha na bila kutia maneno ya kitaalamu.

"Pale kwenye ile kona," mjane akasema, "kabla ya daraja. Kila dereva anashusha gia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alikanyaga klachi."

"Alikanyaga, taa zikazima, kiza kimeshaingia. Hakuiona kona. Alipoachia zilirudi, lakini..."

Upande wa pili wa uwanja Nyundo alikuwa ameacha kugonga.

"Hiyo klipu," mjane akauliza, "ilitolewa na nani?"

Swali hilo Testa alikuwa amekutana nalo tayari kule chini, tochi ikiwa mdomoni. Angeweza kusema haijulikani. Angeweza kusema gari kuukuu, klipu hukatika zenyewe.

"Miaka miwili nyuma nilimwekea redio," alisema. "Nilipitisha waya papo hapo. Lazima niliifungua. Sikumbuki kama niliirudisha, shemeji. Nimejaribu kukumbuka. Sikumbuki."

Mjane alishuka, akakung'uta sketi yake, akatoka uwanjani kwa mwendo wa kawaida hadi barabarani. Hakuaga.

Jioni ile, mapema, mama alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele, akitumia mwanga uliobaki. Testa alikaa kwenye ngazi, mgongo kwake, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, kaka hakunywa."

Sinia likatulia.

Akamwambia. Spiriti, waya, klachi. Mama alisikiliza bila kuuliza, mpaka mwisho.

"Alikuletea gari mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mara ya tatu ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akapime macho."

Mama aliweka sinia chini. Testa alingoja atukanwe, na ingekuwa nafuu. Badala yake alisikia magoti ya mama yakilia alipokuwa akijiinua, na nyayo zake zikiingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunika mtandio na amevaa viatu vyake vya kutokea.

"Nipeleke kwa mkwe wangu."

Walitembea pole pole, mama akishika mkono wa mwanawe kwenye mashimo na kuuachia barabara iliponyooka. Mjane alifungua mlango, akaona ni nani, akabaki ameshika kitasa.

"Mwanangu," mama akasema, "nilikutukana."

"Ulinitukana mbele ya kaburi, mama."

"Naam. Mbele ya kaburi. Na watu wanasikia."

Wanawake wale wawili walisimama wakitazamana, mmoja ndani, mmoja nje. Mama hakuongeza neno la kujitetea.

"Ingia, mama," mjane akasema mwishowe. "Kuna baridi."

Mlango ukafungwa. Testa alibaki kwenye geti, na hakuna aliyemwambia aingie wala aondoke. Baada ya muda dirisha likafunguka kidogo. Ilikuwa sauti ya mama.

"Nenda nyumbani. Mimi nalala hapa."

Mama hakurudi tena kuishi na Testa. Alikuja mara moja kuchukua nguo zake na godoro lake, akamfagilia chumba, akamwachia maagizo juu ya kuku, akaondoka. Hakumgombeza. Alimwita "mwanangu" kama zamani. Lakini aliondoka.

Jumatatu Testa alikwenda kituo cha polisi na kipande kile cha waya ndani ya bahasha. Afisa wa zamu alimsikiliza, kalamu mkononi, halafu akaitua.

"Mzee, hakuna mtu aliyekushtaki."

"Najua. Andika tu."

Aliandika. Nakala moja Testa aliipeleka ofisini kwa marehemu, akaikabidhi mwenyewe. Wiki iliyofuata wapima ardhi sita walikwenda kwa mjane, wakakaa sebuleni, na kila mmoja akasema yale aliyoshindwa kuyasema makaburini. Mama alikuwepo akawasikia. Testa alihadithiwa na Nyundo, ambaye naye alihadithiwa na mmoja wao.

Katika gereji watu walianza kuona mabadiliko. Testa sasa aliwakalisha wenye magari kwenye viti vyao, akawaambia wafanye vile wanavyofanya siku zote, waongee mpaka wamalize. Ilichukua muda, na baadhi ya wateja walichoka wakahamia kwa mafundi wengine. Nyundo aliendelea na vichekesho vyake, lakini kile cha mchumba na umeme hakukisema tena, na cha macho hakuna aliyethubutu kukigusa.

Kila Ijumaa alasiri Testa alikwenda kumsalimia mama. Walikaa wawili kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Shemeji alipita, akamsalimu, "Habari za kazi, shemeji," akaingia ndani, asionekane tena mpaka mgeni aondoke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wiki baada ya wiki, karibu mwaka mzima, na Testa hakudai zaidi ya hapo.

Halafu Ijumaa moja mama alisinzia katikati ya mazungumzo, kidevu kifuani. Shemeji akatoka na rundo la madaftari ya watoto, akasita, kisha akaketi kwenye kona ya pili ya mkeka akaanza kusahihisha. Hakumtazama. Baada ya muda akasema mtoto mmoja darasani amechora ng'ombe mwenye miguu sita, na alipoulizwa amejibu kwamba ng'ombe wake anakimbia. Testa akasema ng'ombe wa hivyo atakuwa mgumu kukamua. Shemeji akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akafungua daftari lingine. Jua lilipopungua ukali Testa akaaga, na shemeji akaitikia, "Haya, salama."

Kaka yake alipozikwa, Testa hakulia. Alilia Ijumaa hiyo, akiwa njiani, mchana kweupe, watu wanapita na mizigo yao kichwani wakimpisha, na hakujificha uso.